Kisu cha Marehemu Baba Kinakwenda Leicester: Nikifunge Vipi?

SWALI

Shikamoo mjomba,

Mimi ni kijana wa Tanga mjini. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nasafiri kwenda kumtembelea kaka yangu mkubwa anayeishi Leicester, Uingereza. Napanda ndege Dar es Salaam, nabadilisha Dubai, nashuka Birmingham, na kaka atanipokea hapo kwa gari lake. Ni mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Ujanani alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge, baadaye akaingia biashara ya machungwa ya Muheza, na siku zote hatukumwona bila kisu chake cha kukunja. Ni Okapi ya zamani, ile yenye kijipete mgongoni. Ukiifungua inalia tatata, ikifika mwisho imekaza, na haikunjiki mpaka uvute hiyo pete. Bapa nimelipima kwa rula, linakaribia sentimita 9. Kipini cha asili kilipasuka zamani, fundi mmoja akamchongea kingine cha mpingo. Tulipogawana vitu vya marehemu hakuna aliyebisha: kisu ni cha kaka, ndiye mwana wa kwanza. Naye kwenye simu kanisisitizia, "Usije bila kisu cha mzee. Nataka nitembee nacho kama alivyotembea yeye."

Mama naye kaongeza ya kwake. Anataka nimpelekee shemeji kisu kikubwa cha jikoni na mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa shemeji analalamika tui la kopo limemchosha.

Sasa kila mtu ananiambia lake. Binamu yangu aliyewahi kufika Ulaya anasema kisu kidogo kinapita hata mfukoni, kuna kipimo chao tu. Rafiki yangu anasema nisithubutu, nitazuiwa njiani na sina Kiarabu wala Kiingereza cha kujitetea. Mimi mwenyewe niliwahi kunyang'anywa mkasi kwenye uwanja mmoja wa hapa nchini, wakautupa kwenye ndoo mbele ya macho yangu. Kisu cha baba kikitupwa kwenye ndoo, mjomba, sijui nitarudije kwa mama.

Nilichowaza ni kuvisukumiza vyote vyenye utata kwenye begi kubwa: visu, mbuzi, nyembe, powabanki, kiberiti cha gesi. Kisha nafunga kufuli, nanyamaza. Kisu cha baba nitakiviringishia karatasi ya aluminiamu na kukitia ndani ya sufuria ili mashine isikione. Je, nimewaza sawa? Nikifunge vipi, nimwambie nani, na kaka ana ruhusa ya kutembea nacho kule?

Kitindamimba, Tanga

JIBU

Marahaba kitindamimba, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee.

Nianze na sufuria, maana hapo ndipo ungejiharibia safari. Kisu ndani ya begi linalokwenda tumboni mwa ndege hakina tatizo. Kinaruhusiwa. Kisu kilichofichwa ndani ya begi hilohilo ndicho kinachomfanya mkaguzi akae sawa kwenye kiti. Mashine za eksirei za viwanja vya ndege hupaka rangi: nguo, karatasi na chakula huonekana vya machungwa, vyuma huonekana vya buluu, na chuma kikiwa kinene mno mionzi isipenye, mahali hapo huwa peusi. Karatasi ya aluminiamu ni nyembamba, haifichi kitu. Sufuria nene yenye vyuma ndani yake inaweza kutoa lile doa jeusi, na doa jeusi ni amri ya kufungua begi. Watalifungua, watakuta kisu kimeviringishwa kama siri, na hapo utaanza kueleza habari za machungwa ya Muheza kwa mtu ambaye hajawahi kuyaonja.

Kwa hiyo usifiche. Funga.

Ukishaelewa tofauti ya hayo mawili, mengine yote yanakuwa mepesi. Kisu hakifungwi ili kisionekane, na wala hakifungwi kwa ajili ya usalama wa ndege, kwa sababu kule chini hakuna abiria wa kukishika. Kinafungwa kwa ajili ya mkono wa mtu usiyemjua. Begi lako litabebwa na vijana wa mizigo Dar, litahamishwa Dubai usiku na watu wengine, na huenda mkaguzi akalifungua wewe ukiwa umekaa mbali, hujui hili wala lile. Yeye anaingiza mkono katikati ya mashati yako akitafuta kitu alichokiona kwenye kioo. Mkono huo ukikutana na ncha ya kisu cha jikoni kilichoviringishwa kwenye kanga, damu itamtoka kwa uzembe wako. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, imeandika waziwazi kwamba vitu vyenye makali kwenye mizigo ya chini viwekwe kwenye ala au vifungwe madhubuti ili visiwajeruhi wapagazi na wakaguzi. Wewe huendi Marekani, lakini sababu ni ileile popote, na mashirika ya ndege karibu yote yanataka hivyo hivyo.

Haya, kisu cha baba. Kwanza kisafishe. Okapi za zamani hukusanya uchafu kwenye ule mfereji wa kipini, na utomvu wa maganda ya machungwa hukaa humo miaka. Pitisha mswaki mkavu, futa, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye maungio na upake bapa lote kiasi cha kung'aa tu. Usitumie mafuta ya nazi, yatakuja kunata na kunuka. Bapa la namna hiyo hushika kutu upesi, na begi likitoka kwenye ubaridi wa ndege kuingia kwenye joto huweza kutoa jasho.

Kikunje, kizungushie mpira wa kubania mara mbili au tatu ili kisifunguke kikitikiswa. Halafu tafuta kasha gumu la miwani, lile linalofunga kwa kubana. Kisu kiviringishe kwenye kitambaa kikavu, kitie kwenye kasha, lijaze vizuri kisigongegonge, na lifunge nalo kwa mpira. Napenda sana kasha la miwani kwa kazi hii. Ni gumu, halipasuki, na anayelishika anajua mara moja kwamba ameshika kasha na si makali. Juu yake bandika kipande cha karatasi, chora picha ya kisu. Ndiyo, chora. Mkaguzi wa Dubai hasomi Kiswahili, lakini picha ya kisu anaielewa.

Cha jikoni ni kazi zaidi, kwa sababu hakikunjiki. Kama kilinunuliwa na ala yake ya plastiki, kitie humo na uzungushe selotepu isivuke. Kama hakina, kata boksi gumu vipande viwili virefu kuliko bapa, weka kisu katikati, na kule kwenye ncha liache boksi lizidi kama upana wa vidole vitatu, ulikunje na kulibandika. Ncha ndiyo adui, makali yenyewe hukaa sawa. Selotepu ipite pia mpaka kwenye kipini, vinginevyo kisu kitateleza ndani ya boksi lake na kutokea upande wa pili kama panya. Ukimaliza, kishike kwa ncha, kitikise. Kikisogea, rudia.

Usifunge kwa mfuko wa rambo. Haukingi ncha hata kidogo, na mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Kubishana habari ya plastiki uwanja wa ndege siku ya safari ni kujitafutia jasho la bure.

Na mbuzi je? Mbuzi ndiyo iliyonichekesha, maana kwa mkaguzi asiyetoka pwani zetu ile ni kigoda chenye ulimi wa meno. Ni halali kwenda nayo tumboni mwa ndege, na haiwezi kamwe kuingia ndani na abiria. Kama ulimi wake unafunguka kwa skrubu, ufungue na uufunge peke yake kama kisu. Kama umepigiliwa misumari, ikunje mbuzi, yale meno yafunike kwa kipande cha godoro la sponji au kitambaa kinene kilichokunjwa, kisha boksi juu yake, kisha kamba. Isugue kwanza kwa maji ya moto na uianike juani mpaka ikauke kabisa, isibaki na machicha ndani ya ufa wa ubao. Halafu ipime. Mbuzi ya mti mzito inaweza kula kilo mbili tatu za mzigo wako, na tiketi nyingi zina kikomo cha kilo 23 kwa begi moja. Kwa maoni yangu, mama akikubali, peleka ulimi wake peke yake, kaka autie kwenye ubao huko. Leicester si jangwa. Mji huo ulipokea maelfu ya Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wenye asili ya Afrika Mashariki wamejaa, kwa hiyo nazi nzima na hata nazi iliyokunwa ikagandishwa shemeji hatazikosa madukani. Lakini najua mama akisema mbuzi, ni mbuzi.

Wapi ndani ya begi? Si mifuko ya nje. Huko ndiko mikono ya watu inakopita kwanza, ya ukaguzi na ya wizi. Si chini kabisa pia, kwa sababu mkaguzi akivitaka itabidi apekue kila kitu. Vilaze tambarare katikati ya begi, safu moja ya nguo juu yake, vyote pamoja. Akifungua, anaviona, anafunga. Kufuli weka ukitaka, ila ujue kwamba wakaguzi wa nchi nyingine wakilazimika kufungua watalikata. Na kama una mazoea ya kuliviringisha begi kwa nailoni pale uwanjani, fanya hivyo baada ya kupita mashine.

Sasa binamu yako. Hajasema uongo mtupu, ila amechukua sheria ya mahali pengine akaileta Tanga. Umoja wa Ulaya unakataza kuingia ndani ya ndege na kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6, maana yake vidogo zaidi ya hapo vinaweza kupita kwenye viwanja vyao. Hata Marekani, kabla ya tarehe 11 Septemba 2001, bapa lisilofika inchi 4 liliruhusiwa ndani. Baada ya siku ile milango ikafungwa. Mwaka 2013 TSA walitangaza kwamba wangeanza tena kuruhusu visu vidogo kabisa, visivyozidi inchi 2.36, ambazo ndizo hizohizo sentimita 6. Wahudumu wa ndege wakaja juu, kwa haki kabisa kwa maoni yangu, kwani wao ndio wanaofungiwa na abiria wenye hasira angani. Mwezi Juni mwaka huohuo mpango ukafutwa. Cha baba yako ni sentimita 9. Hakipiti kwa kipimo cha mtu yeyote wa leo.

Masharti ya msingi ya ukaguzi wa abiria duniani yanatokana na Kiambatisho namba 17 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichopitishwa mwaka 1974, lakini kila nchi inapanga orodha yake juu ya msingi huo. Ndiyo maana kitu kilichopita uwanja mmoja hukamatwa kingine. Wewe utakaguliwa Dar, na begi lako la mkononi litakaguliwa tena Dubai kabla ya kupanda ndege ya pili. Kanuni yangu kwa msafiri wa viwanja zaidi ya kimoja ni fupi: chochote chenye bapa, chini.

Hilo linatuleta kwenye nyembe. Sisi tuna tabia ya kuwa na wembe mmoja kila mahali, kwenye pochi, kwenye kibegi cha mswaki, ndani ya kitabu. Siku moja kabla ya safari mimina begi lako la mkononi lote kitandani. Lote, na mifuko ya ndani kabisa. Toa wembe, mkasi, kile kisu kidogo kwenye mnyororo wa funguo, na kikata kucha chenye kibapa cha kukunjua. Vyote viende kwenye begi kubwa. Kisha angalia mifuko ya koti utakalovaa.

Powabanki na kiberiti cha gesi ni kinyume chake, na hapa ulitaka kukosea vibaya kuliko kwenye kisu. Hivyo haviendi chini. Betri za lithiamu zinaweza kuwaka zenyewe, na moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuuona mapema, ilhali ndani wahudumu wanaweza kuuzima. Powabanki beba mkononi, isizidi wati-saa 100. Zile za kawaida zilizoandikwa 20,000 mAh zina kama wati-saa 74, kwa hiyo uko salama. Mashirika mengine siku hizi yanaruhusu moja tu kwa abiria na hayataki uitumie angani, basi soma masharti ya tiketi yako. Kiberiti cha gesi nchi nyingi huruhusu kimoja, mfukoni mwako mwenyewe, si ndani ya begi lolote. Kama huvuti sigara, kiache Tanga.

Siku yenyewe, Dar. Abiria wa kimataifa wengi hutumia Terminali 3 ya Uwanja wa Julius Nyerere, na pale mizigo yote, mikubwa na midogo, hupita mashine mlangoni kabla hata hujafika kaunta. Maana yake kisu chako kitaonekana mapema, kingali mikononi mwako. Usingoje kuulizwa. Ukifika zamu yako sema kwa adabu, "Afisa, shikamoo, begi hili linakwenda chini, ndani yake kuna kisu cha kukunja, kisu cha jikoni na mbuzi ya nazi, vimefungwa." Wakitaka kuona, fungua wewe mwenyewe, waonyeshe kasha. Kaunta hakuna fomu ya kisu kama ilivyo kwa bunduki, lakini ukiulizwa kama una vitu vyenye makali, jibu ndiyo. Usitanie. Maneno ya mzaha kuhusu visu, mabomu na ndege yamewaachisha watu safari, na afisa hana namna ya kujua kwamba wewe ni mcheshi wa Tanga.

Kaunta wakishabandika tagi, isome. Kwa tiketi moja inayoanzia Dar mpaka mwisho, begi halitoki Dubai, linahamishwa lenyewe, na tagi iwe na herufi BHX. Hiyo ni Birmingham ya Uingereza. Ukiona BHM rudi haraka kwa dada wa kaunta, kwani hiyo ni Birmingham ya Alabama, Marekani. Na kama ulikata tiketi mbili tofauti kupunguza gharama, hali inabadilika: huenda ukalazimika kuchukua begi Dubai, kuingia nchini kwao na kulipeleka upya kaunta. Hapo rafiki yako anakuwa na hoja, kwa sababu utakuwa umeingiza visu katika nchi ya tatu yenye sheria zake. Ukiwa na tiketi za namna hiyo, bora visu vingoje safari nyingine.

Jambo moja ambalo watu wa kwetu hawalifanyi: anayekusindikiza asiondoke mpaka umpigie simu kwamba umevuka ukaguzi wa mwisho. Ukigundua kwa bahati mbaya kwamba kuna kitu cha makali kimebaki kwenye begi la mkononi na begi kubwa limeshakwenda, una njia tatu tu. Omba kurudi kaunta, kikapelekwe chini kama kuna nafasi na muda. Au omba kutoka nje umkabidhi msindikizaji wako. Au kikaingia ndoo. Njia ya pili haipo kama gari limeshafika Chalinze.

Kipini cha mpingo hakina shida. Mpingo umo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaolinda viumbe walio hatarini, pamoja na ndugu zake karibu wote wa jenasi hiyo tangu Januari 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo zisizozidi kilo 10 hazidaiwi kibali. Kipini kimoja ni gramu chache. Kingekuwa cha pembe ya ndovu ningekwambia kiache nyumbani, hata kama ni cha babu wa babu, na nawaambia hivyo wengine wenye majambia ya zamani yenye vipini vya ndovu au kifaru wanaotaka kuyapeleka kwa ndugu ng'ambo. Forodha hawaulizi umri wa mapenzi yako, wanauliza kibali.

Ukifika Birmingham, chukua begi, pita forodha. Ukiulizwa, eleza: zawadi za familia, vyombo vya jikoni, kisu cha marehemu baba. Okapi hufunguliwa kwa mkono, na hiyo ndiyo bahati yako. Kingekuwa kisu cha kufyatuka kwa kubonyeza kitufe, au kile cha vipini viwili vinavyozunguka kama mbawa za kipepeo, ningekataa kabisa. Uingereza imepiga marufuku kuingiza visu vya kufyatuka tangu sheria ya mwaka 1959, na tangu Julai 2021 hata kukaa nacho kabatini nyumbani kwako ni kosa. Kwenda nyumbani, begi likae kwenye buti la gari likiwa limefungwa vilevile lilivyotoka Tanga. Asije kaka kwa furaha akakitoa na kukiweka karibu na usukani, maana gari likiwa barabarani, kisu kilichomo humo ni sawa na kisu ulichobeba.

Na hapa nafika kwa kaka, ambaye ndiye hasa mwenye tatizo katika barua hii. Mwambie kabla hujapanda ndege, kwa simu, taratibu. Hawezi kutembea nacho kama mzee alivyotembea nacho.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inasema kisu pekee unachoweza kuwa nacho hadharani bila sababu ni cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Na mahakama zao zimeshaamua tangu miaka ya 1990 kwamba kisu kinachokaza kikifunguka hakihesabiwi kuwa cha kukunja, hata kikiwa kifupi. Okapi ya baba inakaza, na bapa lake ni refu. Imeanguka mara mbili. Sheria inatambua sababu nzuri: kisu unachotumia kazini, kirpani, yaani kisu cha kidini cha Masikh, ambao Leicester wapo wengi, na vazi la kitaifa. Mapenzi kwa marehemu hayamo. Adhabu yaweza kufika miaka minne jela, na kijana mweusi aliyesimamishwa na polisi akiwa na kisu kinachokaza mfukoni hatapewa nafasi ya kusimulia mkonge.

Namwelewa kaka. Kisu kile kina historia ndefu kuliko yeye na wewe. Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, mahususi kwa kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, wakati Tanga ikiwa chini ya Wajerumani haohao walioleta mkonge, na leo zinatengenezwa Afrika Kusini. Kisu cha koloni kikawa kisu cha mkulima, kikachongewa kipini cha mpingo, kikamenya machungwa. Kinastahili kukaa na mwana wa kwanza. Basi kikae: nyumbani, jikoni au bustanini kwake, ambako sheria haimkatazi kukitumia kila siku. Amenye nacho machungwa akiwa mezani na watoto. Akitaka kweli kitu cha kubeba mfukoni, anunue kule kile kidogo cha Uswisi kisichokaza, bapa lake haliwezi kumletea kesi. Ila akumbuke kukitoa kwenye funguo siku anayosafiri. Kampuni ya Victorinox yenyewe, inayotengeneza visu hivyo vya Uswisi, iliona mauzo yake ya visu yakiporomoka baada ya 2001, kwa sababu visu vilitoweka kwenye maduka ya viwanjani na watu wakaogopa kusafiri navyo, na mwaka 2024 ilisema inafikiria kutengeneza kimoja kisicho na bapa kabisa. Kisu kisicho na kisu. Mzee wako angecheka.

Ukirudi, bila shaka shemeji atataka kumpelekea mama seti ya visu vya jikoni. Viache ndani ya boksi lake la dukani bila kulifungua, hifadhi risiti, na vitie begi kubwa kwa utaratibu uleule. Usivinunue uwanjani baada ya kukabidhi begi lako. Na kama huna miaka 18 bado, ingawa barua yako inasomeka kama ya mtu mzima, mwache shemeji alipe mwenyewe, duka la Uingereza haliruhusiwi kukuuzia.